Je, wapinzani wa kisiasa wana misingi ya pamoja, au tunajidanganya?

Mleta mada
Wanajamvi, naomba tujadili jambo linaloniumiza tangu kampeni zilipokwisha. Mimi na kaka yangu tuko vyama tofauti, na tulifika mahali hatupeani hata salamu. Kisha mama akaugua, tukawa tunapokezana zamu za usiku kando ya kitanda chake. Kila mmoja aliandika daftarini saa aliyompa dawa, na aliyeingia zamu aliusoma mwandiko wa mwenzake bila kuutilia shaka. Hapo nilitambua kwamba tunakubaliana kwa mengi kuliko majukwaa yanavyotuaminisha. Tamko la Haki za Binadamu la mwaka 1948 nalo lilikubaliwa na mataifa yote, ingawa yalihitilafiana mno kiitikadi. Kwa nini basi tushindwe kuandika kanuni tano tu ambazo kila chama kitaziheshimu? Asiyechagua upande ndiye, kwa maoni yangu, asiye na msingi wowote, na huo ni woga.

Mchangiaji wa pili
Pole kwa kuuguza, lakini kwanza nikusahihishe: hayakukubali mataifa yote. Kura za ndiyo zilikuwa 48, hakuna aliyepinga, na nchi 8 zilijizuia kupiga kura. Pili, mimi ni mmoja wa hao unaowaita waoga. Uchaguzi uliopita sikumchagua mtu, kwa sababu wagombea wote wawili waliwadhalilisha watu kwa asili yao na kushangiliwa. Kukataa kuchagua kati ya matusi mawili ni msimamo, na umenigharimu marafiki.

Mchangiaji wa tatu
Ndugu yangu, kabla hujaupamba ukimya, ungewataja hao wanane. Miongoni mwao ilikuwamo Afrika Kusini, ambayo mwaka huohuo ilikuwa imeangukia mikononi mwa chama kilichokuja na sera ya apartheid. Watawala wake walinyamaza kwa kuwa wasingeweza kusema ndiyo bila kujishtaki wenyewe.

Mchangiaji wa pili
Kwa hiyo unaniweka kapu moja na makaburu? Nimeeleza waziwazi kwamba nilikataa ubaguzi, nawe unanijibu kwa kunifananisha na waliouandikia sheria. Hilo sitalipita kimya.

Mchangiaji wa nne
Mkiwa bado hukohuko Afrika Kusini, tazameni na kilichofuata, maana ndicho kinachojibu mada. Mwaka 1993 vyama vilivyokuwa mahasimu vilikubaliana kwanza misingi 34, ndipo kazi ya kuandika katiba ya kudumu ikafuata. Rasimu ilipokamilika, Mahakama ya Katiba ilikataa kuiidhinisha Septemba 1996 kwa sababu baadhi ya vifungu havikulingana na misingi hiyo, ikaipitisha Desemba baada ya kurekebishwa. Kukubaliana ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuwa na mwamuzi ambaye pande zote zitamtii hata akiwaudhi. Ndugu mleta mada, kaka yako angeandika saa ya uongo, nani angejua?

Mchangiaji wa tatu
Nirudi kwa mchangiaji wa pili. Sikukufananisha na mtu. Nilichokusudia ni kwamba ukimya hausomeki: anayehesabu kura hawezi kutofautisha aliyebaki nyumbani kwa dhamira na aliyebaki kwa uvivu.

Mchangiaji wa pili
Nani alikuambia nilibaki nyumbani? Nilipanga foleni tangu alfajiri, nikapokea karatasi, nikaikunja bila kuitia alama, nikaitumbukiza sandukuni. Ilihesabiwa miongoni mwa kura zilizoharibika. Uvivu hauamki alfajiri, ndugu yangu.

Mchangiaji wa tatu
Hilo sikulijua, na neno la uvivu nakuomba radhi. Hata hivyo, kura iliyoharibika nayo haielezi kilichokuudhi.

Mleta mada
Nami nalifuta neno woga, kwani nililiandika nikiwa na uchungu na kaka yangu, wala halikuwahusu ninyi. Kuhusu swali la mchangiaji wa nne, mama mwenyewe ndiye aliyekuwa akituuliza. Usiku mmoja alisema hakupewa dawa saa nne kama ilivyoandikwa, bali saa tano. Kaka alinyamaza kidogo, akachukua kalamu, akakata mstari juu ya ile nne na kuandika tano pembeni, mimi nikiwa nimesimama mlangoni namtazama.