Vibaraza vya Kariakoo: vilindwe kwa sheria au viachwe viende?

Mwana wa Gerezani
Wakuu, kuna jambo nataka tulijadili kwa uzito. Nyumba za vyumba sita zinaisha Kariakoo. Pita Mtaa wa Swahili, Sikukuu, Narung'ombe au Likoma, nyumba ya chini iliyobaki imebanwa na ghorofa kushoto na kulia. Nyumba ikivunjwa, baraza linaondoka nayo, na baraza ndilo lililomweka muuza kahawa, fundi cherehani, meza ya drafti na sinia la mama wa vitumbua. Duka la chumba cha mbele nalo linakwenda. Hoja yangu ni hii: kibali cha ujenzi Kariakoo kiwe na sharti la kuacha baraza lenye paa upande wa barabara, mita mbili kwenda ndani, lisijengwe fremu ya duka wala lisifungwe geti. Mita mbili zinatosha. Benchi la ukutani linachukua nusu mita, miguu ya waliokaa nusu nyingine, inabaki mita moja ya wapitao. Mnasemaje, tulinde au tuache?

Fremu Moja
Mkuu, mita mbili za mbele ndizo zinazolipa jengo zima. Fremu ya chini inayotazama barabara inapata mpangaji plasta haijakauka, analipa kodi ya miezi sita au mwaka kwa mkupuo, na kilemba, yaani fedha ya kuingilia, juu. Ghorofa ya nne unakaa nayo tupu au unaigeuza stoo. Ukikata mita mbili kwenye viwanja vile, fremu ya kina cha mita tano inabaki tatu, na mwenye vitenge hana pa kuweka marobota. Hasara hiyo anaibeba nani? Halafu tuseme ukweli jamani, tunalilia nini hasa? Maji ya masizi, kwenye vikombe vinavyosuuzwa ndoo moja tangu alfajiri. Soko lenyewe liliungua 2020 na maisha yakaendelea.

Dele la Shaba
Maji ya masizi? Kaka, hapo umewatukana watu wenye ufundi wao.

Buni inachambuliwa kwanza. Punje nyeusi na zilizotobolewa na wadudu zinatupwa, maana chache tu zinaharibu dele zima, birika lote la kahawa. Inakaangwa kwenye kikaango kizito, juu ya mkaa uliokwisha kukolea, bila mwali. Mwiko haupumziki. Inapita manjano, inakuja hudhurungi, inaanza kupasuka, mwisho inatoa mafuta. Hapo inamwagwa kwenye ungo na kupepetwa ipoe haraka, kwa sababu ikiachwa kikaangoni inaendelea kuungua hata moto ukiwa umeshatolewa. Anayekaanga kwa mwali anapata buni nyeusi nje na mbichi ndani. Hiyo ndiyo kahawa yenye uchachu na ladha ya majivu, na bila shaka ndiyo unayoisema.

Kinu ni cha kahawa peke yake, kikishatwangiwa kitunguu saumu hakifai tena. Lita tatu za maji zinataka robo kilo ya kahawa iliyotwangwa, pungufu kidogo. Ikipanda inaondolewa motoni, ikishuka inarudishwa, mara tatu. Mwisho unanyunyiza maji baridi kidogo ili mashapo yashuke. Baada ya hapo dele halitikiswi, linainamishwa polepole. Sasa niambie masizi yako wapi.

Mpima Ramani
Fremu Moja, soko liliungua usiku wa 10 Julai 2021, si 2020. Na usiseme maisha yaliendelea tu. Lile jengo la soko alilolibuni Beda Amuli, lililofunguliwa 1975, lenye paa la miavuli ya zege, lilikuwa na kivuli cha umma ambacho hakuna aliyelipia fremu kukaa chini yake. Ndicho anachokiomba Mwana wa Gerezani, kwa kipimo cha nyumba.

Bi Kashata
Dele la Shaba umeeleza vizuri, ila tangawizi umeiruka. Kahawa ya Dar bila tangawizi ni ya nani? Tangawizi kavu inatwangwa pembeni, kijiko kimoja cha chai kwa lita, na inaingia dele likishaondolewa motoni mara ya pili. Ukiitia tangu mwanzo inachemka mno, ukali wake unabadilika kuwa uchungu.

Dele la Shaba
Sikuiruka, dada yangu, nimeiacha kwa makusudi. Tangawizi ni kifuniko cha buni mbovu. Kahawa iliyokaangwa sawasawa inajitosheleza, na utamu wake unatoka kwenye tende au halua mdomoni. Anayetaka tangawizi anywe chai ya maziwa.

Bi Kashata
Kifuniko! Watu wametia tangawizi, iliki na mdalasini kwenye kahawa pwani yote hii, leo unawaambia wanaficha uchafu. Na hiyo halua ni ya sherehe, kijiweni ni kashata. Kwa kuwa umejigeuza mwalimu, nami nifundishe. Nusu kilo ya karanga zilizokaangwa na kupepetwa maganda, nusu kilo ya sukari. Sukari inayeyushwa kavu kwenye moto mdogo mpaka ifike rangi ya asali. Ikivuka hapo, hata kwa muda mfupi, inakuwa chungu na hairudi. Karanga ziingie zikiwa bado za moto, kwani za baridi zinaigandisha sukari kabla hujachanganya. Unamwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta, unasukuma kwa chupa iliyopakwa mafuta pia, unakata papo hapo. Ukichelewa haikatiki tena, inavunjika vipande vya ovyo. Ya nazi inataka nazi ikaushwe kikaangoni kwanza, la sivyo kufika jioni inatoa maji.

Na hapa ndipo baraza linapoingia, maana mmelisahau. Kashata ikitembezwa juani inalainika na kushikana na karatasi. Inataka kivuli na sinia lililotulia. Muuzaji aliyetolewa barazani anauza nusu ya alichokuwa akiuza, au anaacha kabisa na kuuza maji ya chupa.

Mtoto wa Ilala
Hoja ya ndoo hamjaijibu. Yule jamaa amesema vikombe vinasuuzwa ndoo moja na ni kweli vijiwe vingi viko hivyo. Lakini dawa yake ni rahisi: ndoo mbili, ya kwanza ya kutoa mashapo, ya pili yenye bomba la chini, maji yakitiririka kikombe kwa kikombe. Wakati wa korona ndoo zenye bomba zilijaa mjini, ziliwekwa kila mlango wa duka. Muuza kahawa anayetembea hawezi kubeba ndoo ya lita ishirini pamoja na dele na jiko. Mwenye baraza anaweza. Kwa hiyo uchafu mnaousema umetokana na kuwaondoa watu kwenye vibaraza, wakabaki wa kuzunguka na kopo moja.

Fremu Moja
Bado mnanipa mapishi. Kahawa ya siku hizi imechanganywa mahindi yaliyounguzwa, kila mtu anajua. Na huyo wa kahawa halisi mnayemlilia hakuondolewa na ghorofa, aliondolewa na bei ya buni.

Dele la Shaba
Inayochanganywa mahindi ipo, na inajulikana. Iache ipoe kikombeni. Ya mahindi inakuwa nzito na kuacha utando, kwa kuwa mahindi yana wanga. Ya buni tupu inabaki nyepesi, mashapo chini. Mteja wa kila siku anaigundua siku hiyohiyo na kesho hakai pale. Muuzaji wa kupita hana mteja wa kesho, ndiyo maana anathubutu. Kwa hiyo hata hapo umenisaidia mimi.

Kibaba na Pishi
Mnazungumza kahawa tu, na duka la chumba cha mbele je? Huko ndiko mtu wa kipato kidogo ameumia. Duka la Mangi lilikupimia ulichonacho: robo ya sukari kwenye karatasi iliyokunjwa, mafuta ya kula kwa kipimo cha bati kwenye kikombe ulichokuja nacho, sigara moja, vidonge viwili vya kichwa, kiberiti. Duka kubwa la ghorofani halifungui kiroba, linauza mfuko mzima.

Na daftari lilikuwa na kanuni zake. Kila nyumba ukurasa wake, tarehe, kitu, bei, na mkopaji anaona ikiandikwa. Anayetumwa mtoto, mtoto anataja jina la mama na duka linaandika "kwa mkono wa fulani" ili mwisho wa mwezi pasiwe na ubishi. Deni la mwezi uliopita lisipolipwa ukurasa hauendelei. Riba haikuwapo. Leo mtu huyohuyo anakopa kwenye simu, anakatwa ada siku ileile anayopokea, na akichelewa anaongezewa. Daftari lilimwezesha mwenye duka kuvumilia kwa sababu alijua unakolala. Mpangaji wa fremu ya Kariakoo anauza kwa mtu wa Mbeya, Lubumbashi au Moroni ambaye hatamwona tena. Atamkopesha vipi?

Mtaa wa Pemba
Maduka hayo msiyapambe sana. Mwenye duka aliyekopesha aliweka bei yake juu kidogo, na aliyelipa taslimu akambebea asiyelipa. Pia hayakuwa ya milele. Mwaka 1976 Operesheni Maduka ilifunga ya watu binafsi sehemu nyingi, yakaja ya ushirika, tukaishia foleni za sabuni na sukari. Yalirudi kwa nguvu biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 80. Duka la mtaa limekufa na kufufuka, kwa nini sasa ndiyo mnalizika?

Kibaba na Pishi
Kwa sababu 1976 lilifungwa duka, chumba kikabaki. Mwenye nyumba alipofungua tena mlango, duka likaanza upya. Sasa kimevunjwa chumba chenyewe. Na usinipakazie kupamba, ndugu yangu. Bei kuwa juu kidogo nimeikubali tangu zamani, hiyo ndiyo ilikuwa gharama ya kukopeshwa na kupimiwa nusu robo.

Mpima Ramani
Narudi kwenye swali lililoletwa. Baraza la nyumba ya Kiswahili lilikuwa kwenye kiwanja cha mwenye nyumba, limeinuliwa kiasi cha goti ili mvua isiingie na watu wakae. Kwa hiyo lilikuwa mali binafsi iliyotumiwa na wote. Ghorofa inajengwa mpaka mpakani mwa kiwanja, fremu inafungukia moja kwa moja kwenye njia ya waenda kwa miguu, na bidhaa zinamwagika hapo. Machinga nao walikaa hapohapo mpaka walipoondolewa Oktoba 2021. Halmashauri ikitaka, sharti la kurudi nyuma ghorofa ya chini tu, huku za juu zikitokeza juu ya nguzo, halimpunguzii mjenzi eneo la juu hata kidogo. Majengo ya zamani ya Mtaa wa India na Samora mengi yana kivuli cha namna hiyo, ndiyo maana unatembea pale mvua ikinyesha usilowe.

Kikwazo ni nguzo. Kwenye kiwanja chembamba mjenzi anataka nguzo chache ili fremu iwe wazi, na anayechimba chini kuongeza fremu anazidi kucheza na msingi. Baada ya lile ghorofa la Kariakoo kuporomoka 16 Novemba 2024 na watu kufa, Serikali iliunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo. Sharti la baraza lingeweza kuingia katika mlango huohuo wa ukaguzi.

Fremu Moja
Sasa hapo tunaongea. Za juu zitokeze, nguzo zibaki nje, nakubali inawezekana. Lakini mmeacha mtu mmoja nje ya lawama. Nyumba hizi hakuzivunja mjenzi kwa nguvu. Ziliuzwa na wenyewe. Wanaolia hapa wengi ni ndugu wa wauzaji.

Mwana wa Gerezani
Hilo neno si la haki. Nyumba ya babu ina warithi kumi na wawili, watatu wako Dar, mmoja Muscat, wengine Tanga na Kilwa. Vyumba sita havigawanyiki kwa watu kumi na wawili. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo anabanwa agawe, na njia ya kugawa ni fedha. Usiwaite wauzaji watu waliokosa njia nyingine.

Fremu Moja
Njia ilikuwepo: ubia. Unatoa kiwanja, mwenzako anajenga, mnagawana.

Mpima Ramani
Ubia ndiko wengi walikoumia zaidi. Mkataba unaandikwa "asilimia fulani ya jengo" bila kutaja ghorofa ipi. Jengo likiisha, familia inakabidhiwa ghorofa za juu, mjenzi anabaki na fremu za chini na za kwanza. Asilimia imetimia, kodi haipo. Mkataba unaofaa unataja fremu kwa namba na ukubwa kwenye ramani iliyosainiwa, unaweka kodi ya pango ambayo mjenzi anawalipa wanafamilia wakati wa ujenzi, na tarehe ya kukabidhi pamoja na faini ya kila mwezi wa kuchelewa. Pia unaeleza nani analipia lifti na maji. Kisha kila sehemu ikatiwe hati yake, sheria ya umiliki wa sehemu za jengo ipo tangu 2008. Bila hati hizo mjenzi akikopa benki kwa dhamana ya jengo zima, familia inajikuta ndani ya deni lisilo lake.

Bi Kashata
Na katika mkataba huohuo familia iandike baraza. Hilo la mita mbili. Kama halmashauri haitaki kuliweka kwenye kibali, mwenye kiwanja anayo kalamu siku ya kusaini, na siku hiyo mjenzi ndiye anayembembeleza.

Fremu Moja
Atalifagia nani, dada? Baraza lisilo na mwenyewe kufika mwezi wa tatu ni choo.

Dele la Shaba
Analifagia anayeliuzia. Muuza kahawa anafika saa kumi na moja alfajiri, hawezi kuwasha mkaa juu ya takataka. Mpe sehemu kwa maandishi, kodi ndogo ya mwezi, kufagia na taa ya usiku viwe juu yake. Na atie tangawizi au asitie, hiyo ni juu ya wateja wake.

Bi Kashata
Atatia.