Bili ya simu ya ushirika: mbona 15 na 16 hazileti 31?

Mweka Hazina:
Waungwana, naomba ushauri kabla ya kikao cha kamati. Mimi ni mweka hazina wa chama cha ushirika wa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku Kilifi, Kenya, na laini za simu za ofisi yetu hulipiwa mwisho wa mwezi. Mkataba unasema kifurushi ni shilingi 6,000 kabla ya kodi. Katibu alijumlisha ushuru wa bidhaa wa asilimia 15 na VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, akapata 31, akatenga shilingi 7,860. Bili iliyokuja inasomeka hivi: kifurushi 6,000, huduma za ziada 200, ushuru wa bidhaa 930, VAT 1,140.80, jumla 8,270.80. Mjumbe mmoja ameshikilia kwamba tumeibiwa shilingi 410.80. Je, tulipe, au tukatae mpaka tupewe maelezo?

Karani Mstaafu:
Ndugu Mweka Hazina, kodi hizo mbili hazijumlishwi, bali moja hupanda juu ya nyingine. Kwanza hutozwa ushuru wa bidhaa kwenye bei ya huduma, kisha VAT hutozwa kwenye bei hiyo ikiwa tayari imebeba ushuru. Kifurushi chenu cha 6,000 kinatozwa ushuru wa 900 na kuwa 6,900. Asilimia 16 ya 6,900 ni 1,104. Jumla ni 8,004. Kwa hiyo mzigo halisi ni asilimia 33.4, na unaweza kuuita kodi juu ya kodi bila kukosea, lakini aliyeamua hivyo ni sheria ya VAT wala si kampuni ya simu. Ukitoa 7,860 za katibu, hapo shilingi 144 kati ya 410.80 za mjumbe wenu zimepata maelezo.

Zilizobaki ni 266.80, nazo ni zile 200 za huduma za ziada zikiwa zimetozwa kodi zote mbili. Mimi ningeelekeza macho yangu hapo. Mara nyingi mstari huo huficha jumbe za kujiandikisha, kama vile matokeo ya mpira, vichekesho au milio ya simu, ambazo mtu alizikubali kwa kubonyeza nambari moja tu. Ombeni mchanganuo wa kila laini, lipeni kiasi kisicho na ubishi, na hilo la 266.80 mlilalamikie kwa maandishi. Kampuni isipojibu, pelekeni malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano, inayosimamia kampuni za simu.

Mwambie katibu pia asikariri viwango. Ushuru huu wa bidhaa kwenye simu ulipanda kutoka asilimia 10 hadi 15 mwaka 2018, ukafika 20 mwaka 2021, ukarudishwa 15 na Sheria ya Fedha ya 2023. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kuurejesha 20, lakini pendekezo hilo likaanguka pamoja na mswada wenyewe, ulioondolewa baada ya maandamano ya Juni.

Binti Hesabu:
Mzee Karani amemaliza. Naongeza tu kwamba VAT hiyo ya 1,140.80 mnaweza kuidai kwenye ritani (taarifa ya kodi), mradi ankara ina PIN (nambari ya mlipa kodi) ya chama na hamjapitisha miezi sita.

Mkaguzi wa Kaunti:
Samahani dada, hapo tuende polepole. Maziwa ambayo hayajasindikwa yamesamehewa VAT, na anayeuza bidhaa zilizosamehewa pekee hana VAT ya kutoza, hivyo hawezi kudai ile aliyolipia simu. Ikiwa ushirika huu unauza maziwa mabichi tu, bili yote inaingia kwenye vitabu kama gharama. Wangekuwa na kiwanda cha mtindi mambo yangekuwa mengine. Ushuru wa bidhaa, kwa upande wake, hamwezi kuudai kwa vyovyote.

Kuna tozo nyingine ambayo watu huitafuta kwenye bili wasiione, nayo ni ule mchango wa asilimia 0.5 wa Hazina ya Huduma kwa Wote, mfuko wa kufikisha mawasiliano kusikofikiwa. Hutozwa kwenye mapato ya kampuni yenye leseni, si kwa mteja. Mkiona mstari wa namna hiyo kwenye bili, ulizeni umetoka wapi.

Mweka Hazina:
Nashukuru sana. Ni maziwa mabichi tu tunayouza, kwa hiyo nitaiandika yote kama gharama. Mchanganuo umekuja: laini ya dereva wa gari la maziwa imeandikishwa kwenye huduma ya matokeo ya mpira. Tumeifuta, na madai ya kurudishiwa tumeyaandika. Swali la mwisho: tunapowatumia wafugaji malipo yao kwa simu, je, kodi hizi mbili zinapandana vilevile?

Mkaguzi wa Kaunti:
Hapana. Kutuma fedha kumesamehewa VAT, kwa hiyo unabaki ushuru wa bidhaa peke yake, ambao Sheria ya Fedha ya 2023 iliupandisha kutoka asilimia 12 hadi 15. Nao hutozwa kwenye ada ya kutuma, si kwenye fedha za mfugaji, na tayari umo ndani ya viwango vya ada mnavyoviona vimebandikwa kwa wakala.