Ubaguzi dhidi ya wasioamini Mungu: unalinganishika na wa makundi mengine?

Kijana wa Hesabu (mleta mada)

Wadau, habari zenu. Nina jambo ambalo kazini limetugawa, naomba tulijadili kwa utulivu.

Mimi siamini Mungu. Wenzangu wachache wanajua, wengine wanahisi tu kwa sababu huwa naingia kikaoni baada ya maombi kuisha. Juzi mwenzangu mmoja, ambaye naye haamini, alisema mbele za watu kwamba sisi ndio tunaobaguliwa kuliko kundi lolote. Hoja yake ni kwamba siku hizi ukimtusi mtu mweusi, Myahudi au mlemavu utakemewa, lakini mkana Mungu anaitwa shetani hadharani na hakuna anayeshtuka. Dada mmoja mtulivu sana akaweka kalamu chini akamuuliza, "Wewe umewahi kukataliwa kazi kabla hujataja hata jina lako?" Jamaa akakosa jibu.

Nami nina yangu. Uchumba wangu ulivunjwa kwa simu. Wazazi wa binti hawakuwa na neno na ukoo wetu wala kipato changu, ila waliposikia sina dini mambo yakaishia hapo. Na kwenye fomu, palipoandikwa "dini", najaza ile niliyozaliwa nayo, maana nikiacha wazi naitwa kuhojiwa.

Swali langu: ni haki kulinganisha haya na wanayopitia wengine? Na kama ni haki, kipimo ni kipi?

Mama wa Wawili

Mwanangu, pole kwanza kwa uchumba. Mimi ni muumini, tena wa kusali kila siku, lakini kuumizwa ni kuumizwa.

Hata hivyo huyo mwenzako simwungi mkono. Ngozi hakuna anayeichagua, na ulemavu vilevile. Kutoamini ni uamuzi wa mtu mzima. Halafu msisahau kwamba na sisi waumini tumeteswa na serikali za wasioamini. Albania mwaka 1967 ilifunga makanisa na misikiti ikajitangaza kuwa nchi isiyo na dini, na makasisi walifungwa, wengine wakauawa. Mkilinganisha, na hayo yawekeni mezani.

Mtembea kwa Gongo

Mleta mada, hili umenipata. Mguu wangu wa kushoto ulipooza kwa polio nikiwa mdogo, natembea kwa gongo. Na Mungu simwamini tangu nilipokuwa chuoni. Yote mawili ninaishi nayo, na nakwambia hayaji kwa njia moja hata kidogo.

Gongo linafika kabla yangu. Niliwahi kuitwa kwenye usaili wa kazi ya uhariri, ofisi iko ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Nilifika juu jasho linanichuruzika. Msichana wa mapokezi akatazama gongo, akatazama barua yangu ya wito, akaingia ndani. Aliporudi akasema nafasi imeshajazwa. Kwenye benchi walikuwepo watu wa usaili uleule, na nikiwa bado nashuka ngazi, hatua moja moja, nilisikia anaitwa anayefuata. Walikuwa hawajanisikia hata sauti.

Kutoamini ni kinyume chake. Mpaka uwe umesema, au umekataa kusema wanachosema wote. Nikinyamaza niko salama. Hiyo ni nafuu kubwa, sibishi. Mtu mweusi akisimamishwa na polisi usiku hana namna ya kuificha ngozi yake. Lakini nafuu hiyo ina malipo yake. Mama yangu alipofariki, watoto wote tulipangwa kusema machache kaburini, na jina langu lilikuwa la pili kwenye karatasi. Asubuhi ya mazishi kaka yangu akaja na kalamu, akalikata mbele yangu, akaniambia kwa upole kabisa, "Wewe utasema nini pale, na huamini kwamba amekwenda mahali?" Nikamzika mama bila kumsemea hata sentensi moja.

Na ni mama huyohuyo aliyekwenda kupambana na mwalimu mkuu aliyesema mtoto wa aina yangu atawasumbua wenzake darasani. Kwa habari ya mguu wangu alikuwa upande wangu dhidi ya dunia nzima. Kwa habari ya imani alikuwa upande wa dunia. Hapa ndipo naona tofauti ambayo haisemwi sana. Mtoto anayetukanwa kwa rangi yake anarudi nyumbani kwa wazazi wa rangi ileile, ambao hayo wameyapitia na wanajua la kumwambia. Asiyeamini anarudi nyumbani kwa watu ambao ndio wa kwanza kumuogopesha. Katika hili, kundi linalotukaribia ni wapenzi wa jinsia moja: nao wanaweza kujificha, na nao mara nyingi wanafukuzwa kwanza na damu yao wenyewe.

Kuna mahali pia ambapo mawili haya yanagongana. Nikiwa kituoni nasubiri basi, mtu nisiyemjua anapiga magoti, anaweka kiganja kwenye goti langu na kuanza kuomba kwa sauti niponywe. Hajaniuliza. Nikimwambia, "Ahsante, lakini mimi siamini," uso unabadilika. Huruma inaondoka, na mara nyingi ananiambia, "Ndiyo maana." Yaani ulemavu umegeuzwa adhabu na kutoamini kumegeuzwa kosa lake, hata kama mguu ulipooza kabla sijajua kuongea. Ndiyo sababu nachoka na hesabu za nani anaumia zaidi. Watu wengi wako kwenye zaidi ya kundi moja. Mwanamke asiyeamini kwenye familia inayomtegemea mume kwa kila kitu hawezi kunyamaza kwa raha kama mimi mwenye mshahara wangu.

Sasa kipimo. Mwenzako huenda anategemea kura za maoni, na kwa hizo ana hoja. Shirika la Gallup limekuwa likiwauliza Wamarekani kama wangempigia mtu wa kundi fulani kura ya urais akiteuliwa na chama chao. Mwaka 1958, 38% walisema wangempigia mtu mweusi, na 18% mtu asiyeamini Mungu. Mwaka 2020 kwa mtu mweusi ilikuwa 96%, kwa asiyeamini 60%. Ukiishia hapo, asiyeamini ndiye anayekataliwa zaidi. Lakini nchi hiyohiyo, utafiti wa Benki Kuu yao wa mwaka 2019 ulionyesha familia iliyo katikati kwa utajiri miongoni mwa wazungu ilikuwa na mali ya dola 188,200, na miongoni mwa weusi dola 24,100. Kuchukiwa na kupata hasara ni vitu viwili. Unaweza kuchukiwa kwenye karatasi ya maoni na bado ukarithi nyumba ya babu. Na unaweza kusifiwa kwenye karatasi hiyohiyo huku babu yako hakuachiwa chochote cha kukurithisha, kwa kuwa alizuiwa kununua. Hakuna mtaa uliozama kwenye umaskini vizazi vitatu kwa sababu bibi wa pale hakuamini. Mwenzako hilo alimeze, hata kama ni chungu.

Ila dada naye asifanye kama kwetu ni matusi tu. Saudi Arabia mwaka 2014 ilitoa kanuni zilizoweka kuhubiri ukanaji Mungu kwenye orodha ya ugaidi. Nigeria, Mubarak Bala, aliyekuwa Mwislamu akaacha kuamini, alikamatwa Aprili 2020 kwa maandishi yake ya Facebook, akahukumiwa miaka 24 mwaka 2022. Rufaa ikaipunguza ikawa 5, akatoka Januari 2025. Nyuma ya hapo, mwaka 2014, familia yake ilimpeleka wodi ya wagonjwa wa akili baada ya kutangaza kwamba haamini. Rudia kusoma hapo: familia yake. Kwa hiyo "wasioamini" si kundi moja lenye bahati moja. Anayeishi Sweden na anayeishi Kano, kaskazini mwa Nigeria, hawana ubaguzi wa kuitwa kwa jina moja.

Mama wa Wawili, shikamoo. La Albania nakubaliana nawe kwa moyo wote, ulikuwa ni unyama. La uamuzi, hapana. Jaribu leo, kwa saa moja tu, kuamini kwamba hakuna Mungu. Hutaweza, na hutakuwa umekaidi. Mimi nami nilijaribu kuamini kwa miaka, nikifunga na kusali, kwa sababu ya mama. Kilicho mikononi mwa mtu ni kusema au kutosema. Na hata tukikubali kwamba imani huchaguliwa, mbona wewe hungekubali Mkristo au Mwislamu afukuzwe kazi kwa kuambiwa "si ulichagua mwenyewe"?

Wakili Mstaafu

Nakazia alipoishia Mtembea kwa Gongo, kwa mfano wa kihistoria.

Bunge la Uingereza lilikuwa na kiapo, na maneno ya kiapo yalifanya kazi ya kitasa. Daniel O'Connell, Mkatoliki, alichaguliwa mwaka 1828 akashindwa kuketi mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 1829. Lionel de Rothschild, Myahudi, alichaguliwa 1847 akaketi 1858. Charles Bradlaugh, asiyeamini, alichaguliwa 1880, akakataliwa, wapiga kura wa jimbo lake la Northampton wakamrudisha tena na tena, akaketi 1886. Miaka miwili baadaye sheria ikaruhusu mtu kutoa ahadi rasmi badala ya kiapo, bila kumtaja Mungu. Mlango mmoja uliwafungia watatu hao, na kila aliyeupita aliulegeza kidogo kwa anayefuata, ingawa baadhi ya waliokwisha kuingia walisaidia kumzuia aliyekuwa bado nje. Wakati huohuo mwanamke hakuwa hata na kura, awe anaamini au haamini. Na Annie Besant, aliyefanya kazi na Bradlaugh, mwaka 1878 alinyang'anywa na mahakama haki ya kumlea binti yake, na kutoamini kwake kulikuwa miongoni mwa sababu. Mwanamume asiyeamini alizuiwa kiti, mwanamke asiyeamini akapoteza mtoto.

Marekani nako, Roy Torcaso wa Maryland aliteuliwa kuwa mthibitishaji wa hati akanyimwa kazi kwa kukataa kutamka kwamba anamwamini Mungu. Mahakama Kuu ya nchi ikampa haki mwaka 1961. Vifungu vya namna ile bado vimeandikwa kwenye katiba za majimbo kadhaa, ingawa haviwezi kutekelezwa. Cha Arkansas, cha mwaka 1874, kinamkataza anayekana kuwepo kwa Mungu hata kutoa ushahidi mahakamani.

Kwa hiyo mimi huuliza: ni nini kikiondolewa, ubaguzi unapungua? Kwa Torcaso ilitosha kufuta sentensi moja. Kwa mwenzetu wa gongo inatakiwa lifti, na mwajiri anayeogopa sheria. Kwa walionyimwa ardhi na mali kwa vizazi, kufuta sentensi hakurudishi kitu. Ulinganishe kwa tiba, utaona kwa nini dada yule aliweka kalamu chini.

Mama wa Wawili

Mtembea kwa Gongo, marahaba. Hilo la kukukata jina kaburini limenitoa machozi. Kwenye uamuzi bado tuko tofauti, lakini kaka yako hakutenda haki. Mtoto hamzuii mtoto mwenzake kumuaga mama.

Kijana wa Hesabu (mleta mada)

Ahsanteni sana. Kumbe mimi na mwenzangu tulikuwa tunatafuta nani wa kwanza kwenye foleni. Nimeona pia kwamba uchumba wangu hakuna sheria ya kuurekebisha, na wala nisingetaka sheria iingie huko.

Ila Wakili, ile fomu ya kazini naweza kufanya nini bila kuwasha moto?

Wakili Mstaafu

Kijana, Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilitoa ufafanuzi mwaka 1993, ule wa namba 22, juu ya uhuru wa dhamiri na dini. Unasema wazi kwamba anayekana Mungu na asiye na dini wanalindwa sawa na muumini, na kwamba hakuna wa kulazimishwa kufichua anachoamini. Anza kwa swali dogo la maandishi kwa ofisi ya rasilimali watu: taarifa hii inatumika kwa kazi gani? Usitaje kabisa kwamba huamini. Kama hawana jibu, omba sehemu hiyo iwe ya hiari, na usiombe peke yako. Tafuta wenzako wa dini ndogondogo, maana nao wanaandika uongo pale pale. Likija kama ombi la watu watano wa imani tofauti, hakuna atakayeulizwa ni nani asiyesali.