Naombeni ushauri: baba mkwe anazeeka na tyuni ya gitaa ya ukoo wao, nimrekodi au niache?

Mtoto wa Pangani (mleta uzi)
Wakuu, habari zenu. Naishi Hawaii, kisiwa cha Oahu, nimeoa huku. Baba mkwe wangu anapiga kī hōʻalu, gitaa la kulegeza nyuzi. Wanalegeza nyuzi kadhaa mpaka ukilikwangua gitaa bila kushika popote, linatoa sauti zinazopatana. Kisha gumba linatembeza besi na vidole vingine vinaimba juu yake. Anapiga mtu mmoja, ukiwa chumba cha pili utadhani wako wawili.

Sasa vidole vya mzee vimeanza kukaza. Wanawe wa kiume wamehamia Las Vegas kama Wahawaii wengi, maisha huku yako juu mno, na gitaa hawana habari nalo. Mzee ana tyuni moja, yaani namna ya kulegeza nyuzi, aliyoirithi kwa bibi yake, sijawahi kuisikia kwa mtu mwingine. Nikimwomba anifundishe anacheka tu, anabadilisha mada. Usingizi sipati. Nimrekodi, au niache iondoke naye?

Kipanga255
Rekodi mkuu, simu si unayo? Uzi ufungwe.

Mama Sakina
Mwanangu, ukweni haendi mtu na simu mkononi. Mama mkwe wangu, Pemba, alikuwa fundi wa mikeka, rangi za ukili akizichemsha usiku mlango umefungwa. Sikumuuliza hata mara moja. Nilipojifungua mtoto wa pili akaniita mwenyewe, "njoo unishikie sufuria." Subiri uitwe.

Kipanga255
Mama, na asipoitwa? Mzee ndiye huyo anakaza vidole.

Shitakha wa Nairobi
Hii kitu ya gumba na vidole iko kwetu Western pia, tunaiita omutibo. Guka yangu, yaani babu, alikuwa anapiga, mimi nikiwa mdogo kazi yangu ilikuwa kukwaruza chupa ya Fanta. Usicheke, hiyo chupa ndiyo ngoma yetu, ukikosea mpigo unaangaliwa vibaya na kijiji kizima. Mpigaji wetu George Mukabi alikufa 1963 akiwa bado kijana. Bila zile santuri zake, na bila mwanawe Johnstone Ouko Mukabi kuendelea kuipiga, tungekuwa tunahadithiana tu. Guka yangu hakurekodiwa na mtu. Sina hata wimbo mmoja.

Mzee wa Likasi
Ndugu yangu, hapa kwetu Kongo Hugh Tracey, mzungu aliyekuwa akirekodi muziki wa Afrika, alimkuta mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda mwaka 1952, akamrekodi. Mpaka leo kuna watu Ulaya na Marekani wanajifunza vidole vya Bosco, noti kwa noti. Lakini Bosco alijua kwamba anarekodiwa. Hujatuambia mzee wako amesema nini. Amekataa? Na kama amekataa, kwa nini?

Mtoto wa Pangani
Sawa, niseme. Mzee alishatamka mbele ya familia nzima kwamba tyuni ile ni ya mjukuu wake aliye Las Vegas. Na mimi nimeshamrekodi. Ilikuwa sherehe ya mtoto kutimiza mwaka mmoja, huku ni karamu kubwa kuliko harusi. Nilisimama nyuma yake, simu kifuani. Mzee akimaliza wimbo, kabla ya kulilaza gitaa anapitisha mkono kwenye funguo za nyuzi, anazizungusha zote ili tyuni isijulikane, hata akiinuka kwenda msalani tu. Wazee wengi wa zamani walikuwa hivyo, wengine walikugeuzia mgongo kabisa. Nimekaa na ile video mpaka nikazipata nyuzi zote sita. Jumamosi naiweka YouTube.

Kabla hamjanirukia: huyo mjukuu hajawahi kushika gitaa. Na muziki huu ulikaribia kupotea kwa sababu ya kufichana. Umewafikia wengi kwa sababu mpigaji Gabby Pahinui alikubali kuingia studio miaka ya 1940, na mpigaji mwingine, Keola Beamer, akachapisha kitabu cha mafunzo mwaka 1973. Wangefunga midomo, leo kungekuwa na nini?

Mama Sakina
Astaghfirullah. Kwa hiyo hukuja kuomba ushauri, umekuja kuomba baraka.

Kipanga255
Nafuta ushauri wangu wa kwanza.

Luteni Mstaafu
Mnahangaika na chai ya moto hii. Mtu wa Pangani, mkwe Mhawaii, siri ya bibi! Hawaii ni bahari na watalii, hilo gitaa lilifikaje? Weka picha.

Mtoto wa Pangani
Lilifika kwa sababu ya ng'ombe. Nahodha George Vancouver alimpa mfalme Kamehameha ng'ombe mwaka 1793, wakapigwa marufuku kuchinjwa, wakazaana mpaka wakaharibu mashamba. Kamehameha III akaleta wachungaji wa Kimeksiko miaka ya 1830 wafundishe watu kuwakamata. Wachungaji ndio waliokuja na magitaa. Picha ya mkwe siweki.

Luteni Mstaafu
Hiyo ipo Google. Taja tyuni yao ya kawaida.

Mtoto wa Pangani
Taro patch. Toka uzi mnene: D, G, D, G, B, D. Unalegeza wa sita (ndio huo mnene), wa tano na wa kwanza, kila mmoja hatua moja nzima. Hiyo kila mtu huku anaijua.

Luteni Mstaafu
Na hiyo ipo Google. Andika ya mkweo. Nina gitaa hapa mkononi, nitajua kama ni tyuni au umebuni herufi.

Mtoto wa Pangani
Hiyo siandiki.

Luteni Mstaafu
Si nilisema chai?

Mtoto wa Pangani
Fikiria utakavyo mkuu. Ni ya watu.

Mzee wa Likasi
Hapa huandiki kwa kuwa ni ya watu. Jumamosi itakuwa ya nani?

Mtoto wa Pangani
YouTube itasikika tu, herufi sitaji.

Shitakha wa Nairobi
Buda, wewe mwenyewe umeipata kwa video. Hakuna mtu alikutajia herufi.

Mama Sakina
Mpigieni huyo mtoto Las Vegas. Babu akae mbele ya simu, apige, mtoto aone. Wewe kaa pembeni umshikie babu gitaa, na hiyo video umwambie mzee kabla hajaambiwa na mwingine.

Mtoto wa Pangani
Mama, mjukuu ni kijana wa mpira wa kikapu, atasikiliza dakika mbili aondoke. Nimemwambia mke wangu sasa hivi. Amenyamaza, kisha akachukua simu akatoka nje, nadhani anaongea na kaka yake. Jumamosi sijaifuta bado. Sioni ubaya wa kuhifadhi kitu kizuri.

Mzee wa Likasi
Kuhifadhi umeshahifadhi, iko kwenye simu yako. Tunazungumzia kutangaza. Usisahau mrejesho.

Luteni Mstaafu
Mimi bado nasema chai. Ila hiyo D, G, D, G, B, D nimeifunga hapa, aisee. Gumba linaanzia uzi gani?

Mtoto wa Pangani
Wa tano, mkuu, halafu wa nne. Rudia hizo mbili taratibu mpaka gumba litembee lenyewe, vidole vingine usivitumie kwanza.