Acheni kumwita Anne fala. Mwizi ni Jonas!

Wanajukwaa, nimevumilia wiki tatu nzima mkimcheka Anne, msichana wa katuni tunayotazama. Leo nasema.

Sisi mashabiki wa anime, katuni za Kijapani, hapa Nakuru tuna desturi yetu. Jumamosi jioni tunakutana kwenye duka la muvi la rafiki yetu kule Section 58, anatuwashia projekta, kila mtu anatoa shilingi hamsini, halafu ubishi unahamia kundi la WhatsApp hadi katikati ya wiki. Mwezi huu tunatazama Sugar Apple Fairy Tale, ile iliyoanza kuonyeshwa Japani Januari 2023, vipindi 24 kwa awamu mbili. Ni ngano hasa: kuna mfalme, kuna vichimbakazi wenye mabawa, kuna yatima anayeshika njia. Mimi ndiye niliyeileta. Najuta kuileta mbele yenu.

Anne Halford ana miaka 15. Mama yake, Emma, alikuwa Fundi wa Sukari ya Fedha, cheo cha watengeneza sanamu za sukari ambacho wanaokipata kwa mwaka hawazidi mtu mmoja, na wanawake waliokipata ni wa kuhesabu. Mama anafariki, binti anafunga mizigo kwenda mji wa Lewiston kushindania cheo hicho mbele ya mfalme, maana anataka kumuaga mama yake kwa sanamu ya sukari iliyotoka mikononi mwake. Jonas, kijana wa nyumba iliyomhifadhi, anamfuata njiani akijidai anampenda. Kisha anamwibia sanamu ile na kwenda kuisimamisha mbele ya mfalme kama kazi yake.

Na ninyi mkaandika nini? "Huyu dem ni fala." "Angeshtuka mapema." "Analia sana." Mmoja akasema Jonas anatafuta riziki tu kama sisi sote, akapigiwa makofi! Mmegeuza uso wa Anne akilia kuwa stika, mnaitupa kila mtu akichelewa kulipa chama.

Niwaambie kwa nini hili limenichoma. Mimi ni mwokaji wa keki. Desemba iliyopita nilitengeneza keki ya harusi ya ngazi tatu ya kwenda Njoro, na waridi za sukari arobaini na mbili. Hamjui waridi la sukari ni nini. Unakanda, unasukuma petali hadi mwanga upenye, unaacha ikauke, ndipo unabandika inayofuata. Mvua ikinyesha haikauki, inalegea na kuinama, unaanza upya. Nilikesha siku nne. Aliyenibebea keki kwa pikapu yake, mtu tuliyejifunza naye kazi hii, alifika kule akawaambia wenye harusi kwamba ni yake. Akapiga picha, akaiweka mtandaoni na namba yake ya simu. Mpaka leo watu wa harusi ile wanamwagizia yeye.

Nilipolalamika, mnajua niliambiwa nini? "Mbona ulimwamini?" "Mbona hukwenda nayo mwenyewe?" Neno kwa neno! Hakuna aliyekwenda kumuuliza yeye kwa nini aliiba. Kwa hiyo mkimcheka Anne kwenye kundi, mimi nasikia sauti zilezile.

Sikatai, Anne ana makosa. Mama yake alimlea akiamini kichimbakazi si mtumwa, naye akaenda akamnunua kichimbakazi Challe amlinde barabarani. Hapo mkimsema mna haki, mimi pia niliumia. Lakini alimwahidi kumrudishia bawa lake, na akamrudishia. Katika nchi ile anayeshika bawa la kichimbakazi ameshika uhai wake, akilichana yule anakufa. Msichana mwenye miaka 15, hana mzazi wala senti, anaachilia kitu kama hicho kwa hiari. Kuhusu hilo hakuna aliyeandika hata mstari mmoja. Mlikuwa mnashindana kusifu nywele za Challe.

Halafu Bridget, yule binti wa mwenye karakana ya sanamu za sukari. Ee, Bridget mmemtukana mpaka nikaona aibu kusoma. Ni kweli alilichukua bawa la Challe wakati Anne amebanwa, na ni ubaya mkubwa, simtetei hata kidogo. Ila nauliza: Jonas naye si ana kichimbakazi? Cathy, yule mdogo anayeweza kutoonekana, anayetumwa na kufokewa tangu vipindi vya mwanzo. Bawa lake liko kwa nani? Nimerudi nyuma nikasoma ujumbe wa kundi wote wa mwezi huu, usiku wa manane, kidole kikaniuma. Jina la Bridget limejaa kila mahali na matusi yake. Jina la Cathy halipo. Kwenu bawa lina thamani likiwa la mwanamume mzuri wa sura, na kulishika ni dhambi likishikwa na mwanamke.

Tena wengine wenu ni kina dada, mnauza nguo pale sokoni, mnasuka watu, mnajua vizuri inavyokuwa mteja akisifu kazi yako na kumshukuru mwanamume aliyesimama kando. Ninyi ndio mlionivunja moyo zaidi.

Msimamizi wa kundi, stika ile ya Anne iondolewe. Nimekuomba faraghani mara mbili, sasa naomba hadharani. Na yule ndugu wa "anatafuta riziki", aje hapa kwenye uzi aeleze riziki gani hiyo ya kuchukua sanamu ambayo mtoto aliitengeneza kwa ajili ya mama yake marehemu. Namsubiri.

Jumamosi tunaanza awamu ya pili. Nitakuja na hamsini yangu na nitaketi kiti cha mbele. Anne akilia na mtu akacheka, nitasimama nizime projekta, tuzungumze kwanza.