Naomba ushauri: elektroni za ioni zinamchanganya mdogo wangu

Walimu shikamooni, na wengine habari za jioni. Niko Chamwino, Dodoma, namsaidia mdogo wangu wa kidato cha tatu kemia. Atomu za kawaida anaziweza: sodiamu, namba ya atomu 11, namba ya uzito 23, anakupa protoni 11, elektroni 11, nyutroni 12 bila kusita. Ikija ioni, yaani atomu iliyopoteza au kupata elektroni, anapotea. Akiona alama ya kujumlisha anaongeza elektroni, kwa hiyo Na⁺ (ioni ya sodiamu) anaandika 12 badala ya 10. Salfa (namba ya atomu 16) yenye chaji hasi mbili anaandika 14, wakati ni 18.

Nimempangia karanga mezani, moja kwa kila elektroni, tukawa tunaziondoa na kuziongeza. Pale anaelewa kabisa, ila akirudi kwenye daftari kosa ni lile lile. Inaniuma, maana kijana anajituma kweli.

Nyie mnafundishaje mpaka alama hiyo ikae kichwani?

La pili ni klorini. Jedwali linaonyesha uzito 35.5; akitoa namba ya atomu, 17, anapata nyutroni 18.5. Nimemwambia nusu nyutroni haipo, hiyo ni wastani wa isotopu (atomu za klorini zenye idadi tofauti ya nyutroni) za 35 na 37. Swali likitaja klorini tu bila namba ya uzito, atumie 35, au aandike zote mbili, 18 na 20?