Kingamwili juu ya grafini: nibaki na pireni au nihamie diazoniamu?

Kaboni_Tupu:
Wakuu, natengeneza transista za grafini (tabaka la kaboni lenye unene wa atomu moja) za kutambua protini kwenye majimaji. Kingamwili nazipachika kwa pireni yenye esta ya NHS: pireni inakaa juu ya grafini, esta inashika amini za kingamwili. Kila kitu kinakwenda sawa mpaka nidondoshe protini yenyewe kwenye bafa ya fosfeti ya kawaida: nukta ya Dirac (volteji ambayo grafini hupitisha umeme kidogo kabisa) haisogei hata kidogo. Mwenzangu anadai pireni imelala tu pale juu na inang'oka, eti nitumie chumvi ya diazoniamu, inayofunga kwelikweli kwenye kaboni. Nimfuate?

Mama_Maabara:
Usimfuate. Diazoniamu inafunga kwelikweli, ndiyo, lakini inafunga kwa kuharibu. Atomu ya kaboni iliyokuwa na majirani watatu inaongezewa wa nne, na hapo elektroni hazipiti tena kama zamani. Pima kwa mwanga wa leza (Raman) uone kilele cha D, alama ya kasoro karibu na 1350 cm⁻¹, kinavyopanda. Kwa elektrodi za kielektrokemia sina ugomvi nayo. Kwa transista, wepesi wa elektroni kusafiri ndio mtaji wako, unautupa wa nini? Pireni ina pete nne bapa, inalalia grafini bila kuvunja kitu. Ila ukishapachika, chonde usisuuze kwa asetoni.

Mchawi wako ni chumvi. Kwenye bafa ya nguvu ya kawaida, ayoni hufunika chaji ya protini ndani ya umbali usiofika hata nanomita 1. Kingamwili nzima ina nanomita 10 hivi. Protini inanaswa vizuri kule juu, ila grafini haina habari. Punguza bafa mara 100, umbali huo unafika nanomita 7 hivi, halafu pima tena.

Kaboni_Tupu:
Asante Mama. Lakini lengo ni damu, na damu nikiipunguza mara 100 protini nayo inapungua mara 100.

Mama_Maabara:
Nani kasema upunguze damu? Nasa protini kwenye damu yenyewe, suuza, kisha soma kwenye bafa nyepesi. Au achana na kingamwili nzima: tumia kipande chake cha Fab (mkono unaonasa), au tumia aptama, yaani uzi mfupi wa DNA au RNA unaonasa kitu maalumu. Aptama ni fupi, na nyingine hujikunja zikikamata kitu, zikasogeza chaji zao karibu na grafini. Hizo nazipenda zaidi.

Nukta_Sifuri:
Naongezea. Mkuu, usisome kabla ya protini kwenye bafa nzito na baada yake kwenye nyepesi, maana chumvi peke yake inasogeza nukta ya Dirac na utashangilia bure. Weka pia chipu ya pili yenye kingamwili isiyohusika, iliyozibwa kwa BSA (albumini ya ng'ombe). Grafini ilihamishiwa kwenye chipu kwa PMMA, ile plastiki ya kuishikilia? Mabaki yake yakibaki, pireni inatua juu ya plastiki.

Kaboni_Tupu:
Ilihamishwa kwa PMMA, ndiyo. Na kuziba esta zilizobaki bila kingamwili, Tris (kemikali ya bafa yenye amini) inafaa?

Mama_Maabara:
Inafaa, au ethanolamini. Ila iingie baada ya kingamwili. Ikitangulia, amini zake zinamaliza esta zote na kingamwili inakosa pa kushika.